Wajomba Waliokufa Wakiwa Wadogo

Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu ambaye Wasambaa walimfanya mfalme wao, nusura auawe akiwa mchanga kwa sababu ya meno. Alikuwa kigego: ya juu yalitangulia ya chini kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo mzima. Aliachwa hai, lakini ndugu walipofiwa lawama ilimrudia yeye, hata akanyimwa urithi na kufukuzwa kwao. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, na sisi tuliokulia Lushoto tuliyasikia mapema, darasani na jikoni. Watoto tulipenda sehemu ya uwindaji. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje watu wazima wakatishwa na meno ya kitoto.

Mimi niliuliza swali hilo nikiwa kazini. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, au kama wagonjwa wanavyoniita, dada wa mazoezi. Nilizaliwa upande wa Soni, nikasomea hospitali ya KCMC, Moshi, nikarudi kufanya kazi katika hospitali moja ya milimani. Wagonjwa wetu wengi ni wa kuvunjika: bodaboda zimeteleza kwenye utelezi wa Machi, mtu kaanguka kutoka kwenye mti wa peasi, mzee kapooza upande mmoja baada ya kiharusi. Watoto huletwa kwa matege au kwa miguu iliyopinda tangu kuzaliwa. Kijana mmoja aliyeletwa kutoka Mlalo hakuwa katika mafungu hayo.

Alikuwa na umri wa kuanza shule, mcheshi, na mashavu ya miguu yake yalikuwa manene kiasi kwamba wajomba zake walikuwa wakimtania kuwa ataichezea timu ya Coastal Union. Mama yake alieleza kwa sentensi mbili ambazo nimewafundisha wanafunzi wangu wote kuzisikiliza: "Dada, huyu kwenye tambarare anakimbia. Mlima ukianza tu, ananing'inia kwenye kanga yangu." Nikamwomba mtoto akae sakafuni halafu asimame. Aligeuka, akatanguliza mikono chini, akainua makalio, kisha akaanza kujipanda mwenyewe: kiganja gotini, kiganja pajani, mpaka akasimama wima na kutabasamu kama aliyemaliza mchezo. Daktari Mwingereza William Gowers alieleza kusimama kwa namna hiyo mwaka 1879. Ina maana kwamba misuli ya nyonga na mapaja haiwezi tena kuuinua mwili, kwa hiyo mikono inasaidia.

Nina imani, isiyo na takwimu nyuma yake, kwamba milima yetu ni kipimo. Mtoto wa Tanga mjini anaweza kufika darasa la pili bila mtu kugundua. Huku njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani ni ngazi za udongo, na anayebaki nyuma anaonekana kila asubuhi. Shida ni kwamba anaonekana mvivu. Kijana yule alikuwa ameshachapwa kwa kuchelewa shule.

Kabla ya kutaja jina lolote ilitubidi tuondoe mengine. Polio kwanza, maana wazee bado huitaja kila mguu unapolegea, ingawa mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili Tanzania alionekana mwaka 1996. Kisha konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa unaoletwa na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. William Howlett wa KCMC na wenzake waliuchunguza baada ya mlipuko wa Tarime mwaka 1985. Lakini konzo huja ghafla na kukakamaza. Huyu alikuwa akilegea polepole. Damu iliyopelekwa Moshi kupima kimeng'enya kiitwacho kreatini kinase ilirudi na kiwango cha juu mara nyingi kupita cha kawaida. Kimeng'enya hicho makazi yake ni ndani ya misuli, na kikijaa kwenye damu ujue misuli inavuja.

Daktari wa watoto alisema neno lililokuwa vinywani mwetu sote: Duchenne. Limetokana na Mfaransa Guillaume Duchenne, aliyeueleza ugonjwa huu kwa kirefu miaka ya 1860. Huwapata wavulana, kama mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, nusu yao wavulana. Kama kiwango ni hichohicho, wanazaliwa zaidi ya mia mbili wenye ugonjwa huu kila mwaka. Wengi wao wanaitwa wavivu, kisha walemavu, kisha marehemu, bila jina lingine katikati.

Zamani uthibitisho ulitaka kipande cha msuli, kigandishwe haraka kwa naitrojeni kimiminika na kusomwa na mtaalamu mwenye kemikali maalumu. Kwa hospitali ya wilaya hiyo ni hadithi. Kupima jeni linaloleta ugonjwa huu kumeturahisishia jambo moja ambalo watu wa mijini hawalioni: hakutaki barafu. Damu kidogo kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau inatosha, na DNA iliyomo huvumilia safari ya basi kushuka kona za Soni hadi Mombo na kuendelea Dar es Salaam bila kuharibika. Kinachochukua muda ni karatasi. Sampuli ikitakiwa kuvuka mpaka kwa ajili ya utafiti kuna vibali na mikataba, ambayo kwetu hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na ni haki iwe hivyo. Damu ya Waafrika imeshasafiri sana bila kuulizwa.

Jeni lenyewe ni jitu. Kundi la Louis Kunkel huko Boston lililitambua mwaka 1986, na mwaka uliofuata protini inayotengenezwa kutokana nalo ikapewa jina la distrofini. Ni miongoni mwa majeni makubwa kabisa ya binadamu: herufi zaidi ya milioni mbili, na maagizo yake yamegawanyika katika vipande 79 viitwavyo eksoni. Wagonjwa walio wengi wamepoteza eksoni moja au kadhaa nzimanzima, kwa hiyo kipimo cha kwanza, kilicho rahisi zaidi, huhesabu vipande tu. Kijana wa Mlalo alihesabiwa. Vyote 79 vilikuwepo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sisi tulijua maana ya jibu lile: kosa huenda limo ndani ya kipande, hivyo tusome herufi kwa herufi. Nyumbani lilisikika tofauti. Babu mzaa baba alilipokea kama hati ya kuachiwa huru. Madaktari wamepima, hawakukuta kitu. Basi huu ni mkono wa mtu. Tena alikuwa na hoja. Aliutaja ukoo wake, baba kwa baba, mpaka kwa aliyehamia Mlalo enzi za mfalme Kimweri, na katika orodha ile ndefu hakukuwa na mwanamume hata mmoja aliyeshindwa kutembea. Kama ni cha kurithi, kimerithiwa kwa nani? Ng'ombe akauzwa, mganga akaitwa, na jirani mmoja mwenye macho mekundu akaanza kusalimiwa kwa mashaka.

Sipendi kuwacheka watu kwa hatua hiyo. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyeyaishi na kuyaandika mambo ya Usambara, alionyesha katika makala ya mwaka 1981 kwamba tiba huku haiamuliwi na mgonjwa na tabibu wake. Inaamuliwa na jamaa, na wenye sauti ni wanaolipa. Babu ndiye aliyekuwa akilipa. Aliuliza swali la haki, kwa nini mtoto huyu, akajibiwa kwa karatasi inayosema hapana.

Usomaji wa herufi ulikuja baadaye, kupitia madaktari wa Dar es Salaam waliokuwa na ushirika na maabara ya nje. Tulitarajia furaha ya kukuta kosa. Tulikuta herufi moja iliyobadilika, karibu na mpaka wa eksoni, pale seli inapokata nakala ya maagizo na kuiunga upya. Chini yake maabara iliandika kwamba maana ya badiliko hilo haijulikani.

Msomaji asiye wa fani hii huenda akashangaa mashine iliyosoma mamilioni ya herufi inashindwaje kusema hii ni mbaya au si mbaya. Sababu ni kwamba kila mmoja wetu ana mamilioni ya herufi zinazotofautiana na za wengine, na karibu zote hazidhuru. Kuijua inayodhuru, maabara hulinganisha na hazina za majeni ya watu waliopimwa awali, na hazina hizo zimejaa Wazungu. Mwaka 2016 Alice Popejoy na Stephanie Fullerton walihesabu watu walioshiriki katika tafiti kubwa za kutafuta uhusiano wa jeni na magonjwa: asilimia 81 walikuwa wa asili ya Ulaya, asilimia 3 tu wa asili ya Afrika. Herufi ya kijana wa Mlalo yaweza kuwa ya kawaida kabisa katika vijiji vyetu na mashine isijue, au yaweza kuwa ndiyo yenyewe. Aliyekuwa na uwezo wa kutuambia hakuwa Boston wala London. Alikuwa ng'ambo ya Mtae, anapukuchua maharage.

Huyo ni bibi yake, mzaa mama. Nilifuatana na mama wa kijana siku moja ya soko, tukamkuta jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, moshi usikuogopeshe."

Tuliongea habari za mvua na bei ya kabichi mpaka ikaonekana si utovu wa adabu kuuliza. Nikamuuliza kama alikuwa na kaka. Alikuwa nao watatu, amebaki mmoja. Na wale wawili? Miguu, akasema, kana kwamba anataja kijiji. Mmoja waliambiwa ni polio. Wa pili hawakuambiwa kitu. Alibebwa mpaka akashindwa kupumua. Nikamuuliza habari za dada zake. Yule aliyeolewa Rangwi ana binti, na binti huyo ana mtoto wa kiume anayebebwa mgongoni mpaka leo. Na binti yake mwingine, dada wa huyu tuliyekuja naye, aliyeko Bumbuli? Wa kwake wa pili ameanza kuchuchumia, anatembea kwa vidole. "Kwani hamkujua?" akatuuliza, akiwa hana kinyongo hata kidogo.

Hatukujua kwa sababu hakuna aliyetakiwa kujua. Sisi ni watu wa kuhesabu ukoo kwa baba. Ugonjwa huu hupita kwa mama na kuwashukia watoto wa kiume, na mama akiolewa huenda na mume, akavuka bonde, akazaa watoto wanaoitwa kwa ukoo mwingine. Wavulana watatu wagonjwa, wajukuu na mtoto wa mpwa wa kikongwe mmoja, walikuwa katika koo tatu, zenye mababu watatu ambao kila mmoja angeweza kuapa kwamba kwao hakuna ugonjwa. Na kila mmoja angekuwa mkweli. Mbegha na wanawe walioa katika koo za wenyeji, na watoto wakatawala wakiungwa mkono na wajomba. Usambara yote iliunganishwa kwa kamba ya akina mama, lakini orodha tunayoikariri ni ya akina baba.

Wanawake waliijua kamba hiyo. Walikutana sokoni, wakaulizana habari za watoto, wakanyamaza. Nilipomuuliza bibi kwa nini hakusema, alinijibu kwamba kumtaja mtoto mgonjwa wa nyumba nyingine ni kumtakia, na kwamba ana wajukuu wa kike ambao hawajaolewa.

Basi tukaomba damu, safari hii kwa kila mtu na saini yake: kijana wa Rangwi, yule wa Bumbuli, akina mama, na yule kaka wa bibi aliyebaki, mzee mwenye nguvu ambaye bado analima matuta yake mwenyewe. Majibu yalipangika. Wavulana wagonjwa wote walikuwa na herufi ileile. Mama zao waliibeba. Mzee mwenye afya hakuwa nayo. Badiliko linapotembea pamoja na ugonjwa katika matawi yaliyoachana namna hiyo, maabara huwa na haki ya kubadili hukumu yake, na ilibadili: sasa iliandikwa kwamba yaelekea sana ndiyo chanzo. Kazi ya kuitoa herufi gizani ilifanywa na kumbukumbu ya mwanamke asiyejua kusoma, na hilo silisemi kwa kupamba. Bila wale ndugu karatasi ingebaki na maneno yaleyale hadi leo.

Kueleza ilikuwa ngumu kuliko kupima. Watu wetu wanaijua selimundu, na wameshazoea kusikia kwamba baba na mama wote wawili wamechangia. Duchenne haiko hivyo, na palikuwa na hatari tuliyoiona wazi: mkono wa mtu ungeondolewa kwa jirani na kuwekwa kwa mama. Kikao kilifanyika nyumbani kwa babu, Mlalo. Nilichukua doti ya kanga. Nikawaambia mwanamke ana kromosomu X mbili, kama doti isiyokatwa. Kipande kimoja kikitoboka, kingine kinamsitiri, naye haonekani kuumwa. Kila mtoto anapewa kipande kimoja. Binti huongezewa cha baba yake, akapata doti. Mvulana kwa baba hupata kitu kingine, kile kinachomfanya awe mvulana, kwa hiyo kipande cha mama ndicho pekee alicho nacho. Mama hachagui atoe kipi.

Kaka mkubwa wa baba alisema kile tulichokiogopa: "Kwa hiyo tatizo ni la kwao." Nikamjibu kwamba karibu theluthi ya wavulana wenye ugonjwa huu hawakurithi kwa mtu, kosa huanza upya, katika nyumba yoyote, na lingeweza kuanza katika yake. Nikaongeza kwamba sote mle ndani, mimi na yeye pia, tunatembea na herufi kadhaa mbovu ambazo hazijapata nafasi ya kutudhuru. Alikuna kidevu. Mama wa kijana alikuwa ameinama. Babu ndiye aliyefunga mazungumzo, na alisema jambo la fedha: ng'ombe asiuzwe tena. Jirani mwenye macho mekundu alitumiwa kikapu cha viazi bila maelezo.

Wenzangu huniuliza faida yake ni nini, maana dawa ya kuponya hatuna. Nawajibu kwa mambo madogo. Kijana sasa anatumia prednisolone, ambayo humwongezea muda wa kutembea. Moyo wake unapimwa, kwa sababu moyo nao ni msuli. Na mama yake pia anapimwa, kwani wabebaji wengine hupata ugonjwa wa moyo bila kujua sababu. Faili lake lina maandishi mekundu kwa ajili ya mtaalamu wa usingizi: dawa ya suxamethonium na baadhi ya gesi za usingizi zinaweza kumsimamisha moyo mezani, hata kama amekuja kwa kuvunjika mkono tu. Hilo peke yake, kwa mtoto anayeanguka mara kwa mara, linatosha kuhalalisha kipimo. Mimi namnyoosha kano za visigino, na nimewakataza wasimwongezee mazoezi ya kumtia nguvu, maana msuli huu ukilazimishwa hupasuka zaidi. Kiti mwendo tulichopewa kinakaa shuleni, kwenye sakafu ya saruji. Njiani hubebwa na bodaboda, na kutoka barabarani hadi nyumbani hubebwa mgongoni. Aliyebuni kiti kile hajawahi kufika Mlalo.

Habari za tiba ya jeni zimewafikia kwa simu. Baba aliniuliza. Iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 iliwekewa bei ya dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja. Nilimtajia bei, akacheka kicheko kifupi, akaniuliza ni kabichi ngapi. Kinachonipa moyo ni kidogo na kiko karibu zaidi. Mwaka 2019 wataalamu wa University College London na Cambridge walianzisha kituo cha kusoma majeni ya wagonjwa wa misuli na mishipa ya fahamu pamoja na madaktari wa nchi nyingine, na jirani zetu Zambia wamo. Dar es Salaam, Ali Kimara Rare Disease Foundation imewakusanya wazazi waliodhani wako peke yao. Kila familia ya Kiafrika inayosomwa inaifanya herufi ya familia inayofuata isiwe ngeni.

Jambo moja tungeweza kulibadili bila msaada wa mtu. Kadi za kliniki na madaftari ya hospitali huandika mtoto kwa jina la baba na kijiji cha baba. Wale binamu watatu walikuwa wameshatibiwa katika vituo vya milima hiyohiyo, na hakuna daftari ambalo lingewakutanisha. Siku hizi nikipata mvulana aliyebaki nyuma kwenye mlima, nauliza bibi mzaa mama alizaliwa wapi, dada zake waliolewa wapi, na ni wajomba wangapi waliokufa wakiwa wadogo. Akina baba hukohoa. Akina mama huvuta kigoda.

Liko moja ambalo sijalimaliza. Kijana wa Mlalo ana dada, yuko sekondari, na uwezekano wa kubeba herufi ile kwake ni nusu kwa nusu. Mwongozo wa kitaalamu unasema msichana mwenye afya asipimwe ubebaji mpaka afikie umri wa kuamua mwenyewe. Naukubali. Bibi haukubali: anasema posa haisubiri mwongozo, na kwamba bora binti ajue kabla ya mahari kuliko baada ya mtoto wa pili. Mama yupo katikati. Binti mwenyewe alinifuata peke yake hospitalini wakati wa likizo, akiwa na daftari la baiolojia, akaniuliza kama akipimwa jibu litakuwa lake au la ukoo. Nilimwambia kisheria ni lake. Akaniuliza tena, na mama zake wadogo wa Rangwi ambao bado wanazaa, wao watajuaje? Tumekubaliana arudi akimaliza kidato cha nne, na akitaka, aje na bibi.